Jumbo

Zamu ya usiku huanza saa mbili,
Obunga ikiwa bado inakaanga mgongo wazi,
mifupa ya mbuta ambaye mnofu wake ulishapanda ndege.
Mimi na Nyagoro tunasimama mwisho wa mkanda,
mikate inatujia moto kama mtoto wa homa,
tunaivika nailoni, tunaifunga shingo,
na kifuani mwa kila mmoja, kwa wino mwekundu: JUMBO.

Miaka kumi na minne nimelifungia neno hilo shingo.
Sikuwahi kuliuliza lilikotoka.

Jumapili Akeyo akaniletea daftari.
Mwalimu Wafubwa amewaambia waokote neno la Kiingereza
linalokaa nyumbani kwao bila kulipa kodi,
waeleze maana na matumizi.
"Mama, jumbo ni kubwa?"
Ni kubwa, nikasema. Kisha nikasita.

Kubwa yetu ina adabu.
Ikimkuta mtu husema mkubwa,
ikikuta kisu, kikubwa, ikikuta mawe, makubwa,
hata mahali pasipo na mtu huinama: pakubwa.
(Kwa nyumba huingia kichwa wazi, lakini hao wamezoeana.)
Jumbo halivui viatu mlangoni.
Mkate jumbo. Mikate jumbo. Soseji jumbo, sabuni jumbo,
hata ndege ile aliyoipanda mbuta.
Linakalia kiti kabla ya kukaribishwa.

Tena limefanana na watu wetu, hapo ndipo linaponichanganya:
pua ya jambo, mabega ya jumba,
ungedhani ni binamu aliyekwenda ng'ambo
akarudi na koti, hasemi na mtu.
Sijui. Sikusoma hadi huko.

Akeyo aliandika polepole, ulimi nje.
"Na matumizi?"

Matumizi nayajua.
Mwaka nilioajiriwa mkate uliujaza mfuko
hata fundo likakosa pa kukaa.
Kisha wakaja mafundi na kalibu mpya,
fupi kwa upana wa kidole gumba.
Baada ya uchaguzi, kalibu nyingine.
Hakuna aliyetutangazia. Mikono ndiyo iliyojua:
nailoni ilianza kubaki, mkia mrefu usio na kitu,
tukawa tunafunga hewa.
Neno halikupungua hata herufi.
Juzijuzi wamelinenepesha, wakalitia kivuli,
sasa linavuka mbavu za mkate hadi mgongoni.

Baba alipofariki tulinunua jumbo hamsini,
tukazikata chini ya turubai kule Katito.
Shangazi Apondi alihesabu kwa kidole
vilevile alivyohesabu alipomzika mumewe:
slesi ishirini, watu kumi, mkate unaofuata.
Mikate ikaisha kabla ya watu.
Akatutazama kana kwamba kuna mwizi kati yetu.
Mimi, ambaye sare ya kampuni inaning'inia msumarini kwangu,
nilichukua kisu, nikakata slesi nusunusu,
nikamimina chai hadi ukingoni mwa vikombe
na sikusema neno.

Hayo sikumwambia Akeyo.
Nilimpa mfuko mtupu akaubandike daftarini.
Akaingiza mkono, ukazama hadi kiwiko,
akavitikisa vidole ndani kama samaki waliokosa maji,
akacheka, kisha akaacha kucheka.
Akaandika bila kuniuliza:
*Jumbo: iliyokuwa kubwa.*

Ijumaa daftari lilirudi na kosa,
wino mwekundu uleule wa mfuko.
Pembeni: *Kubwa sana. Rudia mara kumi.*
Akakaa jikoni akarudia,
kubwa sana, kubwa sana,
na kwa kuwa ukurasa ulikuwa unamwishia
kila mstari ukawa mdogo kuliko uliotangulia,
wa kumi nikauinamia ndipo nikausoma.

Nikatia sahihi ya mzazi.
Nikaishusha sare msumarini. Ilikuwa karibu saa mbili.